Damu Haipandi

Mjane alikataa kukaa. Tangu aletwe kutoka mahabusu alisimama nyuma ya kiti cha mbao, ameushika mgongo wa kiti hicho kwa mikono miwili, macho yameganda mlangoni.

"Kaa, mama," Inspekta alisema.

"Sitaki kukaa, afande. Mtoto wangu yuko hali gani?"

"Yuko hai."

"Hilo ndilo jibu ninalopewa kila nikiuliza."

Inspekta alikuwa mwanamke asiye na haraka. Pale kituoni wenzake walimbandika jina la Taratibu, kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kumfunga mtu pingu, na katika mahojiano hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kesi hii hakuianza yeye. Aliyeianza alihamishwa ghafla, akamwachia jalada jembamba ambalo kila ukurasa wake ulikuwa umeshamhukumu mtu. Fundi redio amekufa baada ya miezi ya kupauka, kusokotwa na tumbo na mwishoni kuweweseka. Binti yake wa pekee, mtoto wa darasa la kwanza, amelazwa na dalili zilezile. Mke aliyekuwa akiwapikia wote wawili hana hata kipele. Jikoni kwake, nyuma ya kopo la unga, polisi wamekuta pakiti ya sumu ya panya iliyofunguliwa. Na dada wa marehemu ameeleza, kwa maneno ambayo mwandishi wa jalada aliyapigia mstari: *Kaka yangu alikuwa anaisha mbele ya macho yetu, na aliyempikia ananawiri.*

"Sumu ya panya ilikuwa ya nini?"

"Ya panya."

Konstebo aliyesimama mlangoni aliuma mdomo asicheke. Inspekta hakumtazama.

"Mumeo na mtoto walikula nini ambacho wewe hukula?"

"Tulikula sufuria moja, afande. Wao wakishiba, mimi nakwangua ukoko. Kama kulikuwa na sumu ingekuwa chini, si ndiyo?"

"Niambie alivyoanza kuumwa."

Mjane alivuta pumzi. Alishasimulia habari hiyo mara nyingi kwa watu ambao hawakuwa wakisikiliza, na sasa aliisema haraka, apate kuimaliza. "Uchovu. Alikuwa akipanda ngazi mbili tatu anahema, moyo unamwenda mbio. Kucha zilipauka. Nikimfunua kope, ndani peupe. Nikamburuta hospitali. Wakakuta ana kidonda cha tumbo kinachovuja kidogokidogo bila yeye kujua, damu imeshuka. Wakampa dawa ya kidonda na vidonge vya madini ya chuma. Mtoto naye wakampima, ana minyoo. Akapewa dawa ya minyoo na ile ya maji ya kuongeza damu. Daktari akaniambia mimi ndiye nisimamie, wasikatishe, hata wakijisikia vizuri waendelee miezi kadhaa."

"Walimeza?"

"Mtoto alimeza. Mume wangu vidonge vilimvuruga tumbo. Choo kikawa cheusi, akaogopa. Nikamwambia ndivyo vilivyo, tulishaambiwa. Tukagombana. Baadaye akawa anavipokea kimya, nikashukuru. Siku moja nafua suruali yake, navikuta mfukoni, vimeyeyuka vimetia kutu kitambaa."

"Ukamuuliza?"

"Akaniambia nimwache, anajua anachofanya."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Alisema hivyo? Anajua anachofanya?"

"Hivyo hivyo."

"Mtu anayetupa dawa na kusema anajua anachofanya, ana dawa nyingine."

"Nyumbani kwangu haikuwepo. Nyumba yenyewe chumba na sebule, kitu gani kingejificha?"

"Nje ya nyumbani alikuwa anapita wapi?"

"Kazini. Na kwa wifi yangu, dukani kwake, kumchukua mtoto. Akitoka shule anamsubiri baba yake pale." Mjane aliachia mgongo wa kiti, akasogea mezani. "Afande, mimi nifungeni mtakavyo. Lakini mtoto ana homa ya nini, anakula nini, nani anamgeuza kitandani? Niambieni hilo tu, kisha nirudisheni ndani."

Inspekta alifunga jalada. "Nakwenda kumwona sasa hivi. Nikirudi nitakuambia ukweli, uwe mzuri au mbaya."

*

Daktari wa watoto alimpokea katika chumba cha maabara cha wodi, mahali ambapo pangetosha meza na mtu mmoja mwembamba. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi na alizungumza akiwa amesimama.

"Mwenzako alikuja hapa akitaka nimwandikie kwamba ni sumu ya panya," alisema. "Nilikataa. Ile mliyoikuta inazuia damu kuganda. Ingemtoa mtoto damu puani, kwenye mkojo, kila alipochomwa sindano. Huyu havuji hata tone. Nilimweleza. Akasema ataandika."

"Hakuandika. Sasa nieleze mimi, na unieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Damu inapungua kwa njia nyingi, na kila njia ina dawa yake. Ukikosea njia, unampa mtu dawa isiyomhusu huku anakufia mkononi. Huyu alianza na ile ya kawaida kabisa, minyoo inamnyonya, madini ya chuma yamekwisha mwilini. Tukaua minyoo, tukampa chuma. Damu ilipaswa kupanda. Haikupanda. Nikatafuta malaria, maana nayo inapasua chembe za damu. Hana. Nikapima seli mundu, hana. Nikafikiria upungufu wa foliki asidi na vitamini B12, lakini hapo chembe nyekundu huvimba kupita kiasi, na za kwake ni ndogo. Nikaogopa kwamba uboho wa mifupa umezimika, ila ungezimika, chembe nyeupe nazo zingeadimika. Zipo kamili. Tumemwongeza damu ya watu wengine mara mbili. Inapanda, inashuka tena."

"Kwa hiyo ulikwama."

"Nilikwama mpaka nilipoitazama damu yenyewe kwa macho yangu. Njoo."

Inspekta aliinamia hadubini. Aliona viduara vingi vilivyopauka, na ndani ya vingine vitone vidogo vya buluu, kama mtu amevinyunyizia wino.

"Kisha nikamfunua mdomo," daktari aliendelea. "Kwenye fizi, pale zinapokutana na meno, kuna mstari wa buluu iliyoiva. Nilituma sampuli yake maabara kuu, pamoja na ile ya baba yake mliyoihifadhi. Majibu yamefika leo. Ni madini ya risasi, afande. Wote wawili."

"Risasi hii ya bunduki?"

"Madini hayohayo, ila hawa wameyala. Yanaingia pale mwili unapotengeneza damu na kuzuia kazi. Chuma unampa, kipo, ila mwili hauwezi kukitumia. Yakizidi yanashika tumbo, mishipa, kisha ubongo. Mtoto alianza degedege jana."

"Dawa yake?"

"Ni sindano za aina mbili. Ya kwanza ya msuli, ya pili ya dripu. Zinayakamata yale madini na kuyatoa kwa mkojo. Dawa ya chuma nimeisimamisha, maana ikikutana mwilini na ile sindano ya kwanza inageuka sumu nyingine. Tatizo ni kwamba sindano zenyewe hatuna. Hospitali kuu wamebakiza chache."

Inspekta alimgeukia konstebo aliyemfuata, amesimama mlangoni. "Konstebo, chukua gari, washa king'ora. Daktari atakupa karatasi. Usirudi mikono mitupu."

Daktari aliandika karatasi, konstebo akaichukua na kutoka mbio. Daktari alibaki akijikuna shingo.

"Kuna jambo linanisumbua," alisema. "Alipoletwa alikuwa mgonjwa, lakini anaongea. Akaanza kupata nafuu, hata akaomba penseli achore. Kisha akabadilika ghafla. Sumu haifanyi hivyo mtu akiwa ameacha kuila."

"Alibadilika lini?"

"Wiki hii. Baada ya..." Daktari alikatiza.

"Baada ya sisi kumkamata mama yake," Inspekta alimalizia. "Mama alipokuwa hapa, mtoto alichora. Mama yuko ndani, mtoto ana degedege. Tangu hapo nani anakaa naye?"

"Shangazi yake. Mwanamke wa watu, habanduki. Analala kwenye kiti."

Inspekta alikuwa ameshashika kitasa.

*

Wodi ilikuwa na vitanda vilivyobanana, na cha mtoto kilikuwa cha mwisho, ukutani. Inspekta alisimama nyuma ya pazia la kitanda jirani. Shangazi mtu alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye kanda ya kupimia nguo bado shingoni, kana kwamba ameacha wateja dukani katikati ya kazi. Alitazama huku na huku, akatoa chupa kwenye mfuko wake, akaikunjua taulo aliyoizungushia, akamimina kwenye kijiko.

"Mwanangu. Fungua kinywa. Cha shangazi, kidogo tu."

Mtoto hakufungua. Midomo yake ilikuwa imepauka sawa na shuka. Shangazi alimbonyeza kidevu kwa kidole gumba, taratibu, kwa huruma, kama mtu aliyezoea. Kijiko kilikuwa kimefika menoni Inspekta alipomdaka kifundo cha mkono. Dawa ikamwagikia shuka, nyekundu iliyochanganyika na chungwa.

"Ni nini hiki?"

"Dawa. Umenishtua."

"Ya daktari?"

"Madaktari wa hapa?" Mwanamke alishusha sauti, lakini si kwa hofu. "Damu haipandi, si unaona mwenyewe? Kaka yangu walimpa vidonge vya kumwaga tumbo. Mtoto wamemtoboa mikono yote. Hii ni ya kuongeza damu, watu wengi imewasimamisha."

"Kaka yako naye ulimpa hii?"

"Nani mwingine angempa? Mke wake ni kichwa ngumu, hospitali, hospitali. Kaka alikuwa akitoka kazini anapita dukani, nampa kijiko cha mezani, mtoto nampa nusu. Akanisihi mke wake asijue, anataka amani nyumbani. Sikusema."

"Ulipohojiwa na polisi mbona hukutaja?"

"Niliulizwa chakula. Niliulizwa sumu. Hakuna aliyeniuliza dawa."

Inspekta aliuachia mkono wake. Aliichukua chupa, akaiweka juu ya kabati dogo la kando ya kitanda, wote wawili wakaitazama. Maji yake ya kahawia yalianza kujitenga juu. Chini kulitulia tope zito la rangi ya chungwa iliyokolea.

"Kaka yako alipozidi kuumwa, ulifanya nini?"

"Niliongeza."

"Na huyu alipoanza kukakamaa jana?"

Mwanamke alimtazama daktari aliyekuwa amefika miguuni mwa kitanda, akamtazama Inspekta, akaitazama chupa. Ghafla aliinyakua na kuipeleka mdomoni. "Kama ni sumu, basi nainywa hapa, mnione..."

Inspekta aliipokonya kabla hajameza, ikamlowesha kifuani.

"Ni sumu, mama," daktari alisema polepole. "Ina madini ya risasi. Ndiyo iliyomuua kaka yako."

Shangazi hakulia. Alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa, akaanza kujifuta kifua kwa ile taulo. Alifuta na kufuta hata palipokuwa pamekauka.

"Nani alikuuzia?" Inspekta alimchutamia.

"Bwana Afya."

*

Bwana Afya hakuwa mtu wa kutafutwa. Spika zake mbili zilizofungwa juu ya gari bovu zilisikika kuanzia kona ya kwanza ya soko, sauti yake ikiahidi damu, nguvu na hamu ya kula. Nyuma ya gari kulikuwa na kibanda cha mabati. Ndani, beseni, mwiko, mpira wa kunyonyea maji, na gunia la chupa zilizotumika. Yeye mwenyewe alikuwa kijeba mchangamfu aliyevaa koti jeupe la maabara lenye kalamu nne mfukoni.

"Mizizi, majani na molasi," alisema kabla hajaulizwa. "Afande, mimi mwenyewe nainywa, watoto wangu wanainywa."

"Hii?" Inspekta alimwinulia ile chupa.

Bwana Afya aliiangalia, na uchangamfu ukampungua. "Kabla ya kutia rangi."

"Kwa nini utie rangi?"

"Ilikuwa ya kahawia. Unamwambia mtu ni ya kuongeza damu, anaangalia chupa anaona maji ya mtaro. Hanunui. Nikajaribu bitiruti, ikachacha, chupa zikapasuka. Nikapata hii. Haichachi, haibadiliki hata ikipigwa jua."

"Ni rangi ya nini?"

"Ya madukani tu."

"Maduka gani?"

Aliyazungusha macho kibandani. Inspekta aliyafuata, akasogeza gunia kwa ncha ya kiatu. Nyuma yake lilikuwepo kopo la bati, zito kuliko ukubwa wake, lina unga uleule wa chungwa. Kwenye lebo ilichorwa picha ya geti, na chini yake onyo la madini ya risasi, fuvu la kichwa na mifupa miwili.

"Rangi ya kuzuia kutu," Inspekta alisema. "Ya mageti."

"Nilitia kidogo, afande. Ile alama nilidhani ni kwa wanaoilamba kavu."

Kwa mara ya kwanza tangu apewe kesi, Inspekta alihisi mkono wake ukitaka kufanya jambo lisilo la kiaskari. Aliutia mfukoni. "Umeuza chupa ngapi?"

"Siwezi kujua. Nauza masoko yote ya upande huu."

"Wanaorudi kununua tena, wanarudi na hali gani?"

Bwana Afya alitazama chini. "Wengine wamepauka zaidi. Nawaambia waongeze."

Inspekta alimfunga pingu mkono mmoja, akamsukuma hadi kwenye gari lake mwenyewe, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Utapita kila soko ulilopita, na askari wawili pembeni yako. Kwa sauti hii hii wanayoiamini. Sema dawa yako ina sumu. Sema kila aliyeinywa, mkubwa kwa mdogo, aende hospitali leo."

"Wataniua, afande."

"Ndiyo maana nimekupa askari wawili. Anza."

Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa nyembamba, ikikatika, na watu waliokuwa wakipatana bei waligeuka mmoja mmoja. Mama mmoja mwenye chupa kwenye kikapu aliitoa, akaitazama, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa mgongoni mwake.

*

Mlango wa mahabusu Inspekta aliufungua kwa mkono wake. Mjane alisimama.

"Niambie."

"Twende. Nitakueleza njiani."

Alimweleza garini, bila kupunguza wala kuremba. Mjane alisikiliza akiwa ameangalia mbele, mikono mapajani.

"Kwa hiyo alikuwa anainywa kwa wifi."

"Ndiyo."

"Kila siku. Akirudi namuuliza umechoka, ananiambia kazi tu. Kama nisingemkazania vidonge, asingenificha. Ningeiona hiyo chupa."

"Vidonge ndivyo vingemponya, mama. Ulikuwa sahihi."

Mjane alitikisa kichwa, na Inspekta akajuta kuyasema, maana yaliongeza uzito badala ya kuupunguza.

Wodini konstebo alikuwa ameshafika na dawa, shati limemlowa jasho. Kitandani mtoto alikuwa na dripu mkononi, macho nusu wazi yasiyomwangalia mtu. Mama yake alimwita jina la nyumbani, lile la utotoni. Mboni zilisogea kidogo, kisha zikarudi zilikokuwa. Mjane alipiga magoti, akaweka shavu lake kwenye kiganja cha mtoto.

"Ataamka?" alimuuliza daktari.

"Sijui. Tungeanza mapema ningekupa jibu zuri. Damu itapanda risasi ikishatoka, hilo nina hakika nalo. Kichwa ndicho siwezi kukuahidi."

Nesi alikuja na sindano. Dawa iliyokuwamo ilikuwa nzito, ya mafuta, na sindano yenyewe ndefu. "Hii inaingia ndani kabisa ya msuli, na inauma vibaya," alisema. "Akijirusha sindano inaweza kuvunjika. Nahitaji watu wawili wamshike, na wenzangu wote wako kwenye kitanda cha mlangoni. Kuna mwingine ameletwa sasa hivi, amekunywa dawa hiyohiyo ya Bwana Afya."

Daktari aligeuka, akamwona kwa mbali mtoto mdogo akishushwa kutoka mgongoni mwa mama yake. Akaondoka nusu mbio.

Inspekta alianza kukunja mikono ya shati. Lakini mjane hakuwa akimwangalia yeye. Alikuwa akiangalia ukutani, pale shangazi mtu alipokaa sakafuni na askari wa kike pembeni yake, taulo yenye madoa ya chungwa mapajani. Tangu mjane aingie, yule mwanamke hakuwa ameinua uso.

Mjane alimtazama muda mrefu.

"Wifi," aliita. "Njoo umshike miguu."

Mwanamke aliinua uso. "Mimi?"

"Wewe. Anaijua mikono yako."

Askari wa kike alimtazama Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa. Mwanamke alitambaa hadi kitandani, akaishika miguu miembamba ya mtoto juu ya magoti, lakini vidole vyake havikubana.

"Kaza," mjane alisema. Hakukuwa na upole katika sauti yake, wala chuki. "Kaza, wifi. Usimwachie."

Nesi alipaka spiriti, akachoma. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mgongo wa mtoto ukajikunja, kinywa kikafunguka, na kilio kikatoka, chembamba, kikavu, cha kwanza tangu jana. Shangazi alijaribu kutoa mikono ajizibe masikio.

"Usimwachie, nimekwambia."

Hakuachia. Mtoto alilia, na wanawake wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, walibaki wamemwinamia, huku nesi akichomoa sindano ya kwanza na kufungua nyingine ya dawa hiyohiyo, ya paja la pili.

"Mshikeni hivyo hivyo," nesi alisema. "Bado."